Bomba limeliwa tumboni, nje rangi bado inang'aa: je, ni chumvi?

"Mwalimu, jambo sana. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kazi nilijifunzia hapa Goma, Birere. Huu ni mwaka wa tatu niko kwenye visima vya mafuta mbali na nyumbani, na sasa nimerudi likizo. Kuna tiyo ya chuma ya inchi 6 inayobeba mafuta pamoja na maji ya chumvi kutoka kisimani hadi kwenye matangi. Ilitoboka ikiwa na miaka mitatu, upande wa chini kabisa. Nje rangi ni nzima, kutu hakuna. Tulikata mita mbili tukachomelea kipande kipya, nacho kikatoboka baada ya mwaka mmoja na nusu, huku tiyo ya zamani iliyo pembeni yake ingali imesimama. Mkubwa wetu anasema chuma cha siku hizi ni cha bandia, na maji yale yana chumvi kuliko bahari, kwa hiyo dawa ni chuma kinene au inox, kile chuma kisichoshika kutu. Mimi nina mashaka. Tulipokata tulikuta tope jeusi linalonuka. Nimekuja na kipande kidogo kwenye begi. Je, kweli ni chumvi inayokula? Nimwambie nini mkubwa?"

Ndugu yangu fundi, kipande chako nilikichukua pale dukani ulipokiacha, nikakaa nacho mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi. Nje, kama ulivyosema, rangi haina hata mkwaruzo. Ndani ni habari nyingine. Mashimo yake hayana umbo la kikombe, wala hayakutawanyika kama ndui. Ni mabonde yenye sakafu bapa na kingo zilizosimama wima, kana kwamba mtu amechonga ngazi kwa patasi. Nikipitisha ukucha, unakwama ukingoni. Juu ya ngazi chuma ni kizima, milimita 7 kamili kwa kipimo changu. Hatua moja pembeni, kwenye bonde, zimebaki milimita moja na nusu. Umbo hilo limenieleza mengi, ingawa lingeeleza zaidi kama usingelisugua kwa brashi ya waya. Hilo tutalirudia.

Wewe umeuliza swali moja, lakini mimi naona matatu: nani anakula chuma, kwa nini anakula chini tu, na kwa nini kipande kipya kimekufa kabla ya kikongwe. Hilo la tatu ndilo mkubwa wako amelielewa vibaya zaidi, na ndilo litakalomgharimu.

Tuanze na chumvi. Watu wengi wanaamini chumvi inakula chuma kwa sababu wameona magari ya pwani yalivyo. Ukitaka kuhakikisha, fanya hivi nyumbani. Chemsha maji, tia vijiko viwili vikubwa vya chumvi kwa kila lita, yaache yachemke dakika kumi hadi hewa yote itoke. Yamimine yangali ya moto kwenye chupa ya kioo hadi yafike shingoni, tumbukiza msumari uliosuguliwa ukang'aa, kisha mwagia mafuta ya kupikia juu yake yafunike uso wa maji. Chupa ya pili weka maji hayohayo ya chumvi, ila nusu chupa tu na bila mafuta. Baada ya wiki moja, msumari wa chupa ya pili utakuwa mwekundu na wa kwanza utakuwa karibu kama ulivyouweka. Chumvi ni ileile. Kilichokosekana kwenye chupa ya kwanza ni hewa.

Maana yake ni hii: chumvi si mlaji. Ni barabara anayopitia mlaji. Chuma kinapoliwa, sehemu moja ya uso wake inaachia chembe zake ziingie majini na kubaki na umeme, na umeme huo husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako lazima awepo mtu wa kuupokea. Maji ndiyo yanayokamilisha mzunguko, kama ndani ya betri ya tochi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na chumvi ina tabia mbaya ya kupasua ngozi nyembamba inayokilinda chuma. Lakini mpokeaji asipokuwepo, mzunguko unasimama. Ndiyo maana bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa lita inakula chuma kilicho karibu na hewa vibaya kuliko maji ya kisima yenye gramu 200, kwa sababu chumvi ikizidi mno hata oksijeni haiyeyuki vizuri humo. Hoja ya mkubwa wako kwamba maji yenu yana chumvi kuliko bahari ni kweli tupu, na haithibitishi chochote.

Ndani ya bomba la mafuta hakuna hewa, au haitakiwi kuwepo. Mpokeaji ni nani basi?

Wewe ni mtoto wa Goma, kwa hiyo unamfahamu. Ni mazuku. Ile pepo mbaya inayolala mabondeni upande wa Himbi na Keshero, inayoua mbuzi na ndege alfajiri kabla jua halijapanda, ni kaboni dioksidi, gesi nzito kuliko hewa inayotoka ardhini. Ziwa letu la Kivu limeshika kiasi cha kilomita za ujazo 300 za gesi hiyohiyo kwenye maji ya chini, pamoja na methani karibu 60. Visima vya mafuta navyo huitoa mara nyingi. Ikiwa kavu haigusi chuma kabisa. Unaweza kuifungia kwenye mtungi wa chuma miaka na miaka. Ikiyeyuka majini inakuwa asidi, ileile inayowasha ulimi ukinywa soda.

Utaniambia, Mwalimu, asidi ya soda ni dhaifu, watoto wanainywa. Ni dhaifu ukiipima, na hapo ndipo inapowadanganya watu. Fikiria duka dogo la Birere ambalo mezani pana mifuko miwili tu ya sukari, lakini nyuma kuna bohari. Ukinunua miwili, inatoka mingine miwili. Asidi ya kaboni iko hivyo: makali yanayoonekana ni machache, lakini kila chuma kinapoyatumia, gesi iliyoyeyuka hutoa mengine papo hapo. Kwa sababu hiyo, kwa kipimo kilekile cha ukali, inakula chuma kuliko asidi kali yenyewe. Milimita kadhaa kwa mwaka si ajabu.

Swali ni kiasi gani cha gesi kinahitajika. Wenye kazi hii wana kanuni ya mkononi. Chukua shinikizo la bomba, zidisha kwa sehemu ya kaboni dioksidi iliyomo kwenye gesi. Bomba la bar 20 lenye asilimia 5 ya gesi hiyo linakupa bar 1. Chini ya nusu bar kwa kawaida hamna matata makubwa. Kupita bar 2, tegemea kuliwa. Katikati, kaa macho. Hiyo ni kanuni ya kuanzia tu, maana joto, mwendo wa maji na aina ya madini yaliyoyeyuka vinabadilisha hesabu. Mwulize anayepima gesi kisimani kwenu akupe tarakimu mbili hizo. Ni swali la dakika mbili.

Sasa zile ngazi. Chuma kinapoliwa na gesi hii, kinachobaki huungana nayo na kuwa ngozi ya kijivu, kaboneti ya chuma. Bomba likiwa la baridi, ngozi ni laini na inachukuliwa na maji. Likiwa la moto, tuseme kuanzia nyuzi 60 au 70 kwenda juu, ngozi inakaza na kushika, na chini yake chuma kinapona. Shida ni katikati, pale ngozi inaposhika hapa na kubanduka pale. Palipobanduka panakuwa uchi, na eneo kubwa lililofunikwa linavuta umeme kutoka kwenye kidonda hicho kidogo. Kidonda kinachimbika wima huku jirani akiwa salama. Kinachotokea ni sakafu bapa na kingo za wima, kama kwenye kipande chako. Wazungu wa mafuta huita ulaji huu wa kaboni dioksidi "mtamu", kuutofautisha na ule wa gesi ya yai bovu wanaouita "mchachu". Utamu wake mimi sijawahi kuuona.

Ukishaelewa ngozi, fumbo la kipande kipya linafunguka lenyewe. Bomba lenu la zamani lilikuwa limejivika ngozi yake kwa miaka mitatu. Mkaleta mita mbili za chuma kinachong'aa, uchi, mkazichomelea katikati yake. Chuma cha zamani chenye ngozi na kipya kisicho nayo, vikishikana ndani ya maji ya chumvi, ni betri: kipya kinaachia, kikongwe kinapokea. Kipya kinajitoa kafara kumlinda mzee. Hapa chumvi ina lawama yake, maana maji yanayopitisha umeme vizuri yanaruhusu bomba refu la zamani kunyonya kipande kifupi kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo kipande chenu kingeweza kuwa chuma bora kuliko vyote vilivyowahi kuyeyushwa, na bado kingetangulia kufa. Chuma cha kawaida cha kaboni, kiwe kimetoka Uchina, Ulaya au Afrika Kusini, huliwa kwa kasi inayokaribiana. Sisemi bandia haipo sokoni. Vyeti vya uongo vipo na unene unaibwa. Lakini hilo unalimaliza kwa kipimo cha unene siku bomba linaposhushwa kwenye gari, si kwa kubishana miaka mitatu baadaye.

Kwa nini chini? Kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta. Mafuta yakienda haraka bombani, maji yanachanganyika nayo kama matone na chuma kinabaki kimelowa mafuta, ambayo yanakilinda. Mwendo ukipungua, chini ya mita moja kwa sekunde hivi, maji yanashuka na kutulia sakafuni, na mchanga na tope vinalala chini yake. Huko chini ya tope hakuna dawa inayofika, na wanaishi bakteria wasiohitaji hewa, wanaotumia salfeti ya majini na kutema gesi ya yai bovu. Visima vikizeeka, mafuta hupungua, maji huongezeka, lakini bomba ni lilelile la siku za neema, kwa hiyo mwendo unazidi kuwa wa kinyonga. Machi 2006, huko Prudhoe Bay, Alaska, mafuta zaidi ya galoni 200,000 za Marekani yalimwagika kwenye theluji kupitia tundu lenye ukubwa wa punje ya harage, chini ya bomba la inchi 34. Lililiwa kutoka ndani, mahali ambapo mwendo ulikuwa wa pole na tope limekaa miaka bila kusafishwa. Halikuwa chuma cha bandia.

Sasa niache bomba kidogo niseme na wewe mwenyewe. Umeandika "tope jeusi linalonuka" kwa maneno matatu na ukapita. Mimi nimesimama hapo. Kama harufu ni ya yai bovu, hiyo ni haidrojeni salfaidi. Pua inaisikia ikiwa kidogo sana, lakini ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi ndani ya dakika chache. Unadhani imeondoka kumbe imeongezeka, na sehemu 500 hadi 1,000 zinaangusha mtu. Nayo, kama mazuku, ni nzito na inajaa kwenye mashimo mnamochimbua bomba. Usishuke tena kwenye shimo kama hilo bila kipimo cha gesi kifuani na mwenzako juu. Tope lenyewe, kama ni salfaidi ya chuma, likikauka hewani linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Liloweshwe maji mfululizo mpaka liondolewe. Na usiwashe moto wa kuchomelea kabla gesi haijapimwa, hata mkubwa akipiga kelele namna gani.

Gesi hiyo pia ina ugomvi maalumu na kazi yako. Inaingiza haidrojeni ndani ya chuma, na chuma kigumu kinapasuka ghafla bila kupungua unene. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa, ISO 15156, kinaweka mpaka wa ugumu wa Rockwell C 22 kwa chuma cha kawaida, na kwenye mshono huwa 250 kwa kipimo kingine cha ugumu, Vickers. Mshono uliopoa haraka mno unaweza kupita mpaka huo bila wewe kuona kwa macho, na elektrodi zenye unyevunyevu zinauongezea haidrojeni hiyohiyo. Kama maji yenu ni "machachu", utaratibu wa kuchomelea lazima uandikwe na kupimwa ugumu. Hapo mazoea ya Birere hayatoshi, nawe unajua nayaheshimu.

Nikienda kwenye dawa, nyingine nazipita haraka. Rangi ya nje na umeme wa kinga unaowekwa ardhini vinalinda nje tu. Bomba lililopakwa zinki linaliwa na asidi hii kama sukari. Chuma kinene? Piga hesabu na mkubwa wako: ukuta wa inchi 6 ya kawaida ni milimita 7.1, nao uliliwa kwa miaka mitatu, yaani milimita 2.4 kwa mwaka. Bomba nene la milimita 11 litakupa miaka minne na nusu kwa kasi hiyo. Mkilichomeka tena katikati ya la zamani, kwa kasi ya kile kipande chenu cha pili, ni miaka miwili na miezi michache. Mnanunua muda, na wakati mwingine kununua muda ni akili, kama kisima chenyewe kimebakiza miaka mitatu. Ila lisiitwe suluhisho.

Inox inastahili heshima zaidi, lakini ile ya kawaida, 304 au 316, ina adui yake, nayo ni chumvi hiyohiyo. Kaboni dioksidi haiiwezi. Lakini kwenye maji ya chumvi nyingi na joto la nyuzi 60 na zaidi, hewa ikipenya hata kidogo kupitia pampu au tangi, inatobolewa kwa vidoa vidogo au inapasuka nyufa. Zipo inox za daraja la juu zinazovumilia, na kwa visima vya gharama kubwa huwa zinatumika, ila bei yake kwa bomba la nje ya kisima kama lenu mara nyingi haina maana.

Mimi ningefanya hivi. Kwanza kusafisha: kile kizibo cha mpira kinachosukumwa na mafuta yenyewe kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho, kikikwangua tope na kusukuma maji yaliyolala. Baada ya hapo, dawa ya kuzuia kutu inayodungwa kwa pampu ndogo mwanzoni mwa bomba, makumi ya sehemu kwa milioni tu, inayojipaka kwenye chuma kama mafuta kwenye sufuria. Wengi huanza na dawa bila kusafisha, dawa inalowa kwenye tope, wanasema dawa haifanyi kazi. Kama bakteria wapo, kuna dawa yao tofauti, na inabadilishwa mara kwa mara wasiizoee. Kisha vipande vya majaribio: vipande vidogo vya chuma vilivyopimwa uzito, vinawekwa ndani ya bomba miezi mitatu, vinatolewa na kupimwa tena. Hapo tu ndipo utajua kama pesa ya dawa inarudi. Njia hii inataka mtu wa kuisimamia kila siku, na pampu ikisimama wiki mbili mnarudi mlikotoka. Kama kwenu usimamizi ni wa kubahatisha, na bomba ni la mita mia kadhaa tu, ni afadhali kubadilisha lote kwa bomba la nyuzi za kioo, au kuingiza bomba la polithini ndani ya lile la chuma, mradi joto na shinikizo viruhusu. Polithini inalegea joto likipita nyuzi 60, kwa hiyo pimeni kwanza.

Yapo ambayo mimi, nikiwa Goma na kipande chenye ukubwa wa kiganja, siwezi kuyaamua. Sijui kama adui yenu ni kaboni dioksidi peke yake au ana mwenzake. Ngazi zinasema kaboni dioksidi. Harufu inasema kuna zaidi. Mwombeni mkaguzi wa kutu aje pale pale na kipimo cha unene, apime upande wa chini kila nusu mita, hasa kwenye mabonde ya njia na kwenye mikono ya bomba iliyozibwa ambako maji yamesimama. Maji yapimwe ukali kando ya bomba, si maabara kesho yake, kwa sababu gesi hutoka njiani na ukali hupotea, kama soda iliyoachwa wazi. Na mpaka unene ujulikane, msichomelee kiraka juu ya bomba lenye mafuta. Ukuta wa milimita 6.4 na zaidi kwa kawaida unavumilia. Ule wa milimita moja na nusu nilioupima hapa utaupasua kwa mkono wako mwenyewe. Fungeni kibano cha muda na bolti.

Kwa mkubwa wako, usianze na "umekosea". Mwulize maswali mawili mbele ya daftari: kwa nini kipya kilitangulia kikongwe, na kwa nini shimo liko chini peke yake. Chuma cha bandia peke yake hakijibu lolote kati ya hayo mawili.

Na mkikata tena, usisugue. Lile tope na ngozi ya ndani hubadilika rangi ndani ya saa chache zikishaonja hewa. Jeusi linageuka kahawia na kila mtu anaanza kusema ni kutu ya kawaida. Piga picha dakika ileile, jaza tope kwenye chupa hadi mdomoni pasibaki hewa, funga kabisa, andika saa na upande wa bomba lilikotoka. Kipande chako nimekirudisha dukani, kimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Mishale ya chaki niliyochora inaonyesha upande mafuta yalikokuwa yanaelekea, kama nimesoma ngazi vizuri. Nithibitishie kabla hujapanda ndege.